Kushuka Hakuna Nauli

Gazi haina mlima. Kinachopanda na kushuka pale ni maji tu, na hayo nayo yana saa zake: yakijaa mashua huelea, yakipwa watu huteremka mwambani kusaka pweza na chaza. Aliyezaliwa kijijini humo anaweza kufikisha miaka hamsini na ushei bila goti lake kukutana na mwinuko mkali kuliko ngazi ya darini. Usiku wa giza atakutofautishia mkoko na mchu, mkandaa na muia, kwa kupapasa magome. Atavuka tope linaloweza kummeza mgeni hadi kiunoni, na kofia yake isipinde. Sasa mpe jiwe lililosimama wima, uone.

Mjomba (jina lake limehifadhiwa, maana bado anahitaji heshima yake barazani) ni mtu wa namna hiyo. Kilichomponza zaidi ni daraja la mbao la akina mama wa Gazi, lile linalopitisha wageni juu ya mikoko. Tangu mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ukaa kutokana na hekta 117 za mikoko ya ghuba hiyo, upate tuzo ya Equator mwaka 2017, jina la Gazi limefika mbali, na Mjomba huwaongoza wageni mara kwa mara. Daraja limenyooka sawia, halina kupanda wala kuteremka. Mtu akizoea kuwaacha Wazungu nyuma juu ya mbao, huanza kujiona mpanda milima.

"Mjomba, Jumamosi twende tukatembee Shimba Hills," wapwa zake wakamwambia.

"Kutembea?" akacheka. "Nyinyi ndio mtakaotembea. Mimi nitawangoja mbele."

Hakuna aliyemweleza Shimba Hills ni nini, naye hakuuliza. Ni uwanda ulioinuka ghafla nyuma ya pwani. Kingo zake huanzia kama mita 120 juu ya bahari, sehemu kubwa hufika 300, na vilele vya Marere na Pengo hukaribia 450. Chini yake kuna mwamba wa mchanga mgumu wa enzi za Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na mito imekaa ikiukata taratibu hadi ikachimba mabonde membamba yaliyofunikwa na msitu. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu huo kuwa wake mwaka 1903. Mwaka 1968 sehemu kubwa ikawa hifadhi ya taifa. Chemchemi za Marere ziko humo, na Mombasa imekunywa maji yake miaka na miaka. Maji hayo yana akili kuliko wageni wengi wa Shimba: hushuka kwa bomba, wala hayafikirii kurudi juu.

Safari ilianza kwa matatu ya kukodi: Ukunda, Kombani, kisha kupinda kuelekea Kwale. Mjomba alivaa jezi ya buluu, kikoi chenye mistari myeusi na makubadhi ambayo soli zake zilikuwa zimelainishwa na miaka mingi ya sakafu za baraza. Begani alipachika mkoba wenye mahamri, samaki wa kukaanga na chupa ya chai. Langoni akatoa noti zake zilizokunjwa vizuri, akaambiwa pesa taslimu hazipokelewi, hulipwa kwa simu kupitia eCitizen. Simu ya Mjomba ni mulika mwizi. Inapiga, inapokea, inamulika, basi. Mpwa mmoja akalipa, akapokea zile noti kwa adabu kubwa, na chenji yake inasubiriwa hadi leo.

Yaliyofuata yaliletwa na rangi. Shimba Hills kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Wapwa, waliovaa fulana za rangi ya udongo, walikaa kwa raha zao. Kila mbung'o aliyeingia dirishani alimwendea Mjomba. Alijipiga kofi shingoni, la pili pajani, la tatu kisogoni, mpaka dereva akadhani anashangiliwa, akaongeza mwendo.

Ng'ombe wa Kwale wana bahati kuliko yeye. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, waligundua kwamba mbung'o humkwepa kuro kwa sababu ya harufu yake. Wakaiiga harufu hiyo, wakaitia kwenye kola, wakawavisha ng'ombe wa wafugaji wa huku huku Shimba Hills. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa maradhi ya nagana, yanayoenezwa na mbung'o, yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika makundi yaliyovaa kola. Yaani ng'ombe anajipaka manukato ya kuro, na nahodha mzima wa Gazi ananuka samaki wa kukaanga.

Kwa miguu mtu huanzia Elephant Hill, akateremka kama kilomita mbili hadi Maporomoko ya Sheldrick. Huruhusiwi kwenda bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa kuwa msitu ule ni wa tembo kwanza, wageni baadaye.

"Mwanangu, hiyo bunduki ni ya tembo?" Mjomba akauliza.

"Ni ya kupiga hewani, mzee. Tembo akitokea, wewe kaa nyuma yangu."

"Nyuma yako umbali gani?"

Askari akatabasamu, akaanza kuteremka.

Hatua za mwanzo Mjomba alizipiga mwenyewe. Zilizofuata zilipigwa na mlima. Majani makavu yalikuwa yamefunika changarawe, changarawe imefunika jiwe, na makubadhi yakapita juu ya vyote hivyo bila kusimama hata kusalimia. Akashika kamba ya mti iliyoning'inia karibu. Ilikuwa na miiba. Akaiachia, akashika kikoi, maana nacho kilikuwa kimeanza safari yake ya peke yake. Mwisho akakaa kitako, kwa nguvu, juu ya mkoba. Ndani mkasikika mlio mdogo wa kioo. Chupa ya chai ilikuwa imevunjika, na mahamri, kwa mara ya kwanza katika historia ya Gazi, yakajichovya yenyewe.

"Bado mbali?" akauliza akiwa hapo hapo chini.

"Hapo tu, mzee."

Mwenye kuijua nchi hii anajua hiyo "hapo tu" inavyonyooka.

Maporomoko yenyewe, lazima isemwe, yanastahili machubuko. Maji hudondoka mita 21 kutoka ukingo wa mwamba, yanatua kwenye kidimbwi kilichozungukwa na mawe yenye utelezi, na ubaridi wake unamfikia mtu kabla hajayaona. Yamepewa jina la David Sheldrick, mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, ingawa sioni Wadigo wa vijiji vya jirani wangewezaje kukosa kuyasikia kabla yake. Mjomba alipoyaona maji uso wake ukarudi. Hapa sasa ni kwake! Akawaita wapwa waje waone mtu wa bahari anavyolala juu ya maji, akajitandaza chali, mikono pembeni, macho juu.

Akazama.

Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Hayambebi mtu kwa moyo ule ule. Tofauti ni ndogo, ila inatosha kumnywesha mzee aliyeanza kutoa hotuba. Aliibuka akikohoa, akasema maji haya yana kasoro, akatoka na kwenda kula samaki wake. Huyo angalau alisalimika.

Kupanda ndiko kulikokuwa na kesi. Askari, aliyekuwa ametembea chini na juu bila hata kufungua kifungo cha shati, alieleza kwa upole kwamba kushuka hakuna nauli, nauli hukusanywa wakati wa kurudi. Mjomba alilipa kwa vipande vipande. Kila penye mzizi alikaa, akidai anasikiliza ndege. Askari naye, kumpa muda, akawa anasimulia habari za hifadhi: kwamba palahala wa Kenya wamebaki Shimba pekee, na kwamba tembo waliwahi kuzidi msitu ukashindwa kuwalisha, ndipo mwaka 2005 wakahamishwa 150 kupelekwa Tsavo Mashariki.

"Wakatembea mpaka Tsavo?" Mjomba akauliza, akiwa na matumaini ya kupata wenzake wa mateso.

"Hapana, mzee. Walipigwa sindano ya usingizi, wakapakiwa kwenye malori."

Mjomba akanyamaza kidogo. Akamtazama askari, akatazama kilima kilichobaki, akatazama wapwa zake wanaopigana picha.

"Tembo. Mwenye miguu minne. Akapandishwa lori?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sindano, akalala kabisa, akaamka amefika?"

"Ndiyo hivyo."

"Zimebaki?"

Askari akasema hiyo ni kazi ya daktari wa wanyama, yeye hana.

"Basi mpigieni simu huyo daktari," Mjomba akaagiza, akavua makubadhi, akakunja kikoi, akajilaza katikati ya njia ya tembo. "Mwambieni yupo mmoja Elephant Hill, mzito, anakwenda Gazi."