Usajili wa Kudumu: Namna ya Kupata Kampuni ya Kamera na Kuitetea Mpaka Mwisho

Ndugu mpiga picha mtarajiwa, hongera. Umechoka kuazima, umedunduliza, na sasa unataka kamera yako mwenyewe. Watakuja watu kukushauri usome kwanza, ulinganishe, upite maduka matatu ukiuliza bei. Waache waseme. Wapiga picha wengi wa mjini walizipata kamera zao kwa njia ninayoieleza hapa, na ukiwauliza watakana.

Cha kwanza, usichague. Subiri uchaguliwe. Mjomba atarudi kutoka Muscat na Canon ndani ya begi, zawadi ya mtoto wake ambaye hakuitaka. Au bosi wa studio uliyemshikia taa bila malipo atakukabidhi Nikon yake ya zamani, badala ya mshahara. Au jirani atauza haraka haraka kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu na ada haijatimia. Kamera ya kwanza kutua mkononi mwako ndiyo bora kuliko zote duniani, na itabaki hivyo.

Usidhani natania tu. Mkono hujifunza kabla ya akili. Lenzi ya Canon hufungwa kwa kuzungushwa upande mmoja, ya Nikon upande wa pili, na hata pete ya kuvutia picha karibu huzungukia kinyume. Aliyezoea moja akiazimwa nyingine katikati ya harusi ataizungusha kwa nguvu upande usio wake, atawakosa maharusi wakilishana keki, na atasimulia mpaka uzeeni kwamba kampuni ile haina akili. Hakuna chochote kibaya kwenye kamera ile. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa na chama tayari.

Kama hukubahatika kurithi, nenda Kariakoo. Muuzaji atatoa mbili za mtumba kutoka Dubai, atakuambia, "Hii bosi, shata yake bado mbichi kabisa." Mwenye busara angeuliza imeshapiga picha ngapi, maana shata ina umri, ile ya Canon 5D Mark III, kwa mfano, ilikadiriwa na watengenezaji kufikia mibofyo 150,000. Wewe usiulize. Tazama mkanda. Mkanda wenye jina kwa herufi kubwa ndio utakaokaa shingoni mwako kwenye sendofu, misiba na mahafali, na kila atakayekuona atajua wewe ni mtu wa nani. Wapo waliofunga mkanda wa 5D kwenye kamera ya bei ya chini kuliko zote. Hao waliuelewa mwongozo huu kabla haujaandikwa.

Sasa vaa jezi. Canon ni nyekundu na nyeupe, Nikon ni njano na nyeusi, na Mtanzania akishasikia hivyo hahitaji kuelezwa kinachofuata. Mfanano wa hawa na Simba na Yanga hauishii kwenye rangi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba ikazaliwa 1936 kwa wachezaji waliomeguka kutoka huko. Mwaka huohuo wa 1936, kule Tokyo, kamera ya kwanza Canon waliyoiingiza sokoni, Hansa Canon, ilitoka ikiwa na lenzi ya Nikkor. Mtengenezaji wa lenzi hiyo ni Nippon Kogaku, kampuni ambayo leo tunaiita Nikon. Wenye Canon wakati huo hawakuwa na uwezo wa kutengeneza lenzi yao. Yaani Mnyama alizaliwa akitazama kwa jicho la mtani.

Taarifa hiyo usiitoe barazani. Shabiki wa Canon atasema lenzi ni jambo dogo, wa Nikon atataka alipwe fadhila mpaka leo, na chai itapoa. Ukitaka kuwanyamazisha wote wawili, wakumbushe kwamba Nikon nayo ilipata jina Marekani ikiwa imebebwa na kamera ya watu wengine. David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alikutana na lenzi za Nikkor akiwa Japani mwaka 1950, akazipachika kwenye Leica zake, Leica za Kijerumani, akaenda nazo vita ya Korea. Picha zilipofika New York watu wakashangaa ukali wake. Na shabiki wa leo anakuapia kwamba huwezi kuchanganya!

Ukishavaa jezi, tafuta sababu. Zipo nyingi, na hazina ulazima wa kuwa za kweli. Inayouzika zaidi kwetu ni rangi ya ngozi. Wa Canon atakuambia kamera yake inaijua ngozi ya Mwafrika, inaipa joto. Wa Nikon atasema yake haidanganyi mtu. Usiku huohuo wote wawili watafungua Lightroom, watamwaga rangi ya machungwa waliyoinunua ikiwa tayari imechanganywa na mtu wasiyemjua, na biharusi aliyetoka Songea akiwa mweusi wa kung'aa atarudi kwenye albamu na weupe ambao mama yake mzazi hataweza kuueleza.

Niseme jambo moja bila mzaha, kwa sababu suala hili lina historia chungu. Zama za filamu, Kodak iligawa kwa maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi wakapima rangi zote kwa uso wake. Waliziita kadi za Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, kazi imeisha. Mtu mweusi aliyekaa karibu naye alitoka macho na meno. Malalamiko yaliyoisukuma kampuni kurekebisha filamu yalikuwa ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao hawakuweza kutofautisha mbao zao na aina za chokoleti zao kwenye matangazo. Mbao zilisikilizwa; sisi tukanufaika kwa kupitia mlango wa uani. Kwa hiyo yeyote anayekuapia kwamba kiwanda fulani kilikuwa kikimwaza yeye tangu zamani, mpe kiti akae.

Tuendelee. Jezi na sababu bado havitoshi kukufunga. Kinachofunga ni kipete cha chuma kinachoshika lenzi, ambacho wenyewe hukiita maunti. Kila kampuni ina chake, na lenzi ya huyu haiingii kwa yule. Hapa ndipo unapotakiwa kununua bila kuandika hesabu. Anza na "hamsini". Ile ya Canon iliyotoka 1990, yote plastiki mpaka kwenye kipete, imewafundisha watu wengi kupiga sura za watu zenye usuli uliofifia, na imewaachia wengi vipande viwili mkononi ilipoanguka. Ukiizoea utataka themanini na tano. Baada ya harusi mbili za watu wenye uwezo utataka 70-200, ile ndefu nyeupe inayofanya wageni wakupishe njia. Ukishafika hapo hata kampuni ikitoa kamera yenye umbo la sufuria utainunua, kwa sababu lenzi zako haziendi kwingine.

Kuhusu kipete hiki kila upande una kisa chake cha kujivunia. Wa Nikon atasema chao kilianza na Nikon F mwaka 1959 na hakijabadilishwa umbo, lenzi ya babu inaingia kwenye kamera ya mjukuu. Ni kweli inaingia. Asichokisema ni kwamba kuanzia D40 ya mwaka 2006, kamera zao nyingi za bei nafuu hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi nyingi za zamani zikiingia hazitafuti fokasi zenyewe. Utazungusha kwa mkono huku mtoto wa kipaimara anakimbia. Wa Canon ana kisa kigumu zaidi, na ndicho ninachokipenda. Mwaka 1987 kampuni yake ilileta EOS na kipete kipya kabisa. Waliokuwa na lenzi za FD, zilizokuwepo tangu 1971, waliambiwa kwa adabu kwamba lenzi hizo haziingii kwenye kamera mpya. Watu walikuwa na masanduku yake. Kampuni iliyowafanyia hivyo wateja wake ilistahili kukimbiwa. Haikufa, ikakua, na leo shabiki anakisimulia kisa kile kama ushujaa.

Kwenye flashi, usijali. Shabiki wa damu wa Canon na shabiki wa damu wa Nikon wote wana Godox ya Mchina kwenye begi, na hakuna anayeona aibu.

Sasa mtihani wa imani. Mwaka 2013 Sony ilitoa A7, kamera yenye sensa kubwa isiyo na kile kioo kinachoruka ndani kila ukibofya. Mashabiki wa pande zote mbili, kwa mara ya kwanza, wakaungana. Wakasema hiyo ni kampuni ya televisheni na redio za kaseti, inajua nini kuhusu picha? Wakasema betri yake inaisha kabla MC hajamaliza kujitambulisha, na hapo hawakukosea sana. Wakasema kamera isiyo na kioo haina roho. Kwamba Sony ilinunua shughuli za kamera za Konica Minolta mwaka 2006, na hivyo ilipata mafundi waliokuwa wakitengeneza kamera kwa miongo, halikutajwa. Kwamba sensa ya Nikon D800 ya mwaka 2012, ile waliyojivunia megapikseli zake 36, ilitoka Sony, ndiyo kabisa.

Ukipitia kipindi kama hicho, shikilia msimamo mpaka kampuni yako itoe yake. Mwaka 2018 Nikon ilitangaza Z mwezi Agosti, Canon ikatangaza EOS R mwezi Septemba, zote hazina kioo. Roho ikarudi ghafla. Na vipete vikawa vipya, pande zote mbili, pamoja na vya kuungia lenzi za zamani, vinavyouzwa kando.

Baada ya yote haya, kuna sababu moja ya kuchagua kampuni ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa na shabiki yeyote, na ndiyo pekee ninayoiheshimu. Simama kwenye mlango wa ukumbi wowote wa Sinza, Jumamosi, saa mbili usiku:

"Kaka, samahani, una betri ya Canon hapo? Yangu imezima na biharusi ndo anaingia."

"Pole sana mdogo wangu. Mimi ni Nikon."

"Haya. Yupo nani mwingine?"

Hapo ndipo kamera inapochaguliwa hasa. Betri aina ya LP-E6 iliyokuja na 5D Mark II mwaka 2008 bado inawasha EOS R6 ya mwaka 2020. Nikon nao wana EN-EL15, iliyoanza na D7000 mwaka 2010 na kuendelea mpaka kwenye Z6. Maana yake mpiga picha mkongwe na kijana aliyeanza juzi wanaweza kuazimana usiku wa manane, ili mradi wawe kambi moja. Katika mji ambao fundi wa kufungua kamera hapatikani kila mtaa, ambako lenzi ya milioni kadhaa haikodishwi kwa mtu usiyemjua, thamani ya kamera ni idadi ya watu unaoweza kuwapigia simu. Kama rafiki zako watano wana Canon, nunua Canon. Kama bosi aliyekufundisha ana kabati la Nikon na anakupenda, nunua Nikon na uzidi kumpenda. Ukinunua kamera bora ambayo hakuna mwenzako anayo, umenunua na upweke wake.

Mashabiki hawalisemi hili kwa sababu halina utukufu. Afadhali uonekane umechagua kwa ajili ya rangi ya ngozi kuliko kwa ajili ya chaja ya Juma.

Ikitokea siku moja ukashindwa na imani ukahama, utaratibu wake ni huu. Usitangaze. Uza lenzi moja moja, kila moja kwa hasara, huku ukimwambia mnunuzi kwamba unauza kwa sababu una nyingi. Mwezi wa kwanza ukiwa kambi mpya, kaa kimya. Mwezi wa pili anza kuwashangaa waliobaki. Mwezi wa tatu unaruhusiwa kuwa mkali kuliko waliozaliwa humo, na utakuwa. Jihadhari tu na dalali wa mtaani mwako, maana yeye anajua nani aliuza nini na lini, na hana kampuni anayoipenda isipokuwa ile inayouzika wiki hii.

Na kwa wote mnaouza kamera ili muhame, ombi langu ni dogo. Uzeni pamoja na chaja yake halisi. Na kabla ya kumkabidhi mtu kadi, hamisheni picha za harusi za watu, kisha mzifute.