Lala Ukumbukwe

Mgeni akitua Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, akataka ziara ya siku moja ya mambo ya kale, hapati shida: atapelekwa Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Mzungu alipumzika pale miezi kadhaa, na kupumzika kwake kumekuwa makumbusho.

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo, wao walitembea tu. Hawakukaa mahali, basi watawekewa kibao wapi? Hata Chuma, Susi na wenzao, waliopita hukuhuku Unyanyembe na maiti ya huyohuyo Livingstone hadi kuifikisha pwani Februari 1874, wanatajwa mgeni akishaanza kutazama saa. Mtemi Isike wa Unyanyembe naye, Januari 1893, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake asikamatwe na Wajerumani. Kishujaa, ndiyo, ila hakuacha kitanda cha kupigia picha.

Kijana wa Uyui unayetaka kukumbukwa, usijichoshe kwa mizigo wala vita. Tafuta nyumba nzuri, ulale. Ila kwanza hakikisha umetoka mbali.