Anatakiwa Bawabu wa Bwawa: Mwongozo wa Kuchagua Valvu kwa Wafugaji Samaki wa Bungu

Nafasi ya kazi. Anatakiwa bawabu wa bwawa la samaki. Kazi yenyewe: kufungua maji bwawa linapopungua na kuyafunga linapojaa. Muda wa kazi: usiku na mchana, masika na kiangazi. Likizo hakuna, posho hakuna, ruhusa ya kwenda msibani hakuna. Mahali: Bungu ya Usambara, wilayani Korogwe, si ile Bungu ya Kibiti iliyo kwenye barabara ya kwenda Lindi.

Waombaji wamejaa kwenye rafu za maduka ya vifaa vya ujenzi, Korogwe mjini hadi Tanga, na kila mmoja anang'aa. Wengi wao hawafai. Mwongozo huu utawasaili bila haya, kwa sababu bawabu mbovu wa mlimani haharibu bwawa moja tu. Anawakosesha maji watu wote walio chini yake.

Hatua ya 1: Mstaafishe anayeshika nafasi sasa

Penye bwawa lisilo na valvu, bawabu huwa ni mtoto. Baba mtu anapaza sauti kutoka barazani, "Mwanangu, kimbia kafunge maji!" Mtoto anakimbia, anawakuta wenzake njiani, mpira unaanza, na maji yanaendelea kumwagika hadi Magharibi. Lawama si zake. Mtoto ana masomo yake, na mzazi anayemgeuza kifaa cha bomba ndiye wa kuchekwa.

Msaidizi wa mtoto ni kipande cha gunia kilichosokotwa na kusokomezwa kwenye bomba. Huyu hana siri: mchana anavuja, usiku anachomoka.

Aliye mbaya kuwashinda wote ni bawabu asiyekuwepo, yaani bomba lililoachwa wazi mwaka mzima huku mwenyewe akijigamba kwamba samaki wake wanapata maji mapya kila siku. Samaki hao wanadumaa. Perege hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na maji yanayotoka kwenye chemchemi za Usambara, hasa kati ya Juni na Agosti, ni baridi kuliko hapo. Ukiyaingiza mfululizo unalipoza bwawa zima. Tena unaufukuza ule ukijani wa maji unaotokana na samadi, ambao ndio chakula cha bure cha perege. Umebeba samadi kichwani, umepanda nayo kilima, umeitia bwawani, halafu umefungulia bomba liisukume hadi kwenye migomba ya jirani. Migomba yake itastawi kweli kweli.

Hatua ya 2: Pima kazi kabla ya kuajiri

Wanunuzi wengi huanzia kwenye ukubwa: inchi 1, inchi 2, kubwa kuliko la jirani. Anza na hesabu.

Chukua bwawa la mita 10 kwa 20. Eneo lake ni mita za mraba 200, kwa hiyo kila milimita 1 ya maji inayopotea ni lita 200. Tuseme jua na upepo vinachukua milimita 5 kwa siku, na udongo unanywa milimita 10 nyingine. Jumla ni milimita 15, sawa na lita 3,000 kwa siku. Ukizigawa kwa saa 24, unapata lita 2 na kidogo kwa dakika. Valvu ya nusu inchi inayotoa lita 10 kwa dakika itaimaliza kazi hiyo kwa saa 5 na kupumzika saa 19. Anayefunga valvu ya inchi 2 kwenye bwawa hilo anatafuta sifa, na sifa hazina kina cha kufugia samaki.

Kujaza bwawa jipya ni kazi tofauti. Bwawa hilo likiwa na kina cha mita 1 linabeba lita 200,000, na ile valvu ya nusu inchi ingehitaji takriban siku 14. Kwa siku ya kwanza weka njia ya pembeni yenye geti valvu kubwa, ifunguliwe kwa mkono na kufungwa kwa mkono. Bawabu wa kila siku abaki mdogo.

Swali la kujiuliza hapa ni moja: udongo unanywa kiasi gani? Funga maji yote jioni, simika kijiti chenye alama, pima tena jioni inayofuata. Kama bwawa limeshuka kwa kiganja kizima, tatizo lako si valvu. Rudi ukashindilie mfinyanzi kwenye kuta, kwa sababu hakuna bawabu atakayejaza kisima kisicho na kitako.

Hatua ya 3: Mwulize mwombaji kuhusu presha

Bungu maji huja yenyewe kwa kushuka, na hiyo ni neema. Lakini kila mita 10 za kushuka huleta presha ya karibu baa 1. Chemchemi ikiwa mita 60 juu ya bwawa, valvu inapofunga inakabiliwa na karibu baa 6, ambazo valvu nyingi nyepesi za matangi ya nyumbani hazikuumbiwa.

Chukua valvu ya boya, ile inayofungwa na boya linaloelea kwenye ncha ya mkono wake. Hesabu inaonyesha kila kitu. Boya la duara lenye kipenyo cha sentimita 11 likizama lote husukumwa juu kwa nguvu isiyozidi kilo 0.7. Mkono wa valvu ukiizidisha nguvu hiyo mara 8, unapata kilo 5.6, na hapo bado hujatoa uzito wa boya lenyewe. Sasa tazama upande wa pili: kwa baa 6, tundu la ndani lenye kipenyo cha milimita 15 linasukuma kwa zaidi ya kilo 10. Boya limeshindwa. Tundu la milimita 10 linasukuma kwa karibu kilo 4.7, na boya linahema. Tundu la milimita 5 linasukuma kwa kilo 1.2, na boya linafunga bila jasho.

Kwa hiyo usiulize tu, "Hii ni ya inchi ngapi?" Uliza, "Tundu la ndani ni milimita ngapi, na imeandikwa presha gani?" Muuzaji akikujibu, "Hii inafunga presha yoyote," mshukuru na uende duka la pili. Kama mteremko ni mkali mno, jenga kitangi cha kuvunja presha katikati ya njia. Maji yaingie humo, yapumue, kisha yashuke upya. Bwawa lililo mita 10 chini ya kitangi hicho litaona baa 1 tu.

Hatua ya 4: Usaili wa waombaji

Geti valvu. Mwaminifu, mvumilivu, lakini hafanyi lolote asipoguswa. Anafaa kuwa msaidizi wa dharura, si bawabu.

Valvu ya boya ya plastiki. Bei yake inapendeza, na kwenye tangi lililofunikwa lenye presha ndogo atakutumikia vizuri. Kwenye bwawa la wazi, jua la mlimani litamkausha hadi avunjike mkono, na mara nyingi atavunjika akiwa amefungua.

Valvu ya umeme yenye koili. Huyu ndiye kipenzi cha vijana waliotazama video nyingi. Nyingi za aina hii hutegemea kiwambo cha mpira chenye kitundu kidogo sana cha kupitisha maji, na hutaka presha ya kuanzia baa 0.2 hadi 0.5 ili zifanye kazi. Ukimlisha kutoka kwenye tangi lililo mita 1 tu juu ya bwawa, ana baa 0.1, na atagoma. Chembe ya mchanga ikiziba kile kitundu, atagoma pia. Umeme ukikatika, zile za kawaida hujifunga, jambo lililo salama kwa jirani na gumu kwa samaki. Mpe kazi hii mahali penye maji yaliyochujwa sana na umeme wa uhakika.

Valvu ya mota. Inavumilia maji machafu kuliko ile ya koili na haidai presha ya kuanzia. Lakini inataka umeme, kihisi cha kina cha maji na fundi anayeijua. Kama fundi huyo yuko Dar es Salaam, kila hitilafu ni nauli.

Valvu ya boya ya brasi. Haina waya, haina betri, na fundi bomba yeyote wa kijijini anaifungua na kuibadilishia washa ya mpira chini ya mwembe. Wasifu wake ni mrefu. Ktesibios wa Alexandria alitumia boya kudhibiti maji ya saa yake katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Wana wa Musa wa Baghdad walichora valvu za boya katika karne ya 9, na al-Jazari akazitumia katika mitambo aliyoieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1206. Kazi iliyoaminiwa kwa zaidi ya miaka 2,000 haihitaji kurekebishwa kwa programu ya simu. Huyu ndiye anayefaa Bungu.

Hatua ya 5: Mkague dukani bila kuona aibu

Mwekee sumaku mwilini. Ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi. Isiponata, usisherehekee bado, kwa sababu aloi ya zinki nayo hainati. Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana, baada ya kumwomba mwenye duka: brasi ni ya manjano hadi ndani, zinki ni ya kijivu.

Litikise boya karibu na sikio. Likisikika maji ndani, limeshazama kabla ya kufika bwawani. Nyanyua mkono hadi juu kabisa, kisha puliza kwa mdomo upande wa kuingilia. Hewa isipite hata kidogo. Tazama ile pini inayoshika mkono: iwe ya brasi au chuma kisichoshika kutu. Tafuta maandishi ya presha na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Mwisho, nunua washa mbili za akiba siku hiyo hiyo, maana washa ikiisha usiku wa Jumamosi, duka limefungwa.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza kazini

Miongozo iliyoandikwa Ulaya inahangaika na maji kuganda ndani ya valvu. Bungu adui ni tope. Masika yanapoanza Machi, vijito vinashuka vyekundu na kubeba majani, na punje moja ya changarawe ikikwama kwenye tundu, valvu nzuri kuliko zote haitafunga. Jenga kisanduku cha kutuliza mchanga kwenye chanzo, weka wavu, kisha chujio kabla ya valvu. Vioshe kila wiki wakati wa masika. Asiyeosha chujio asimlaumu bawabu.

Usimtundike bawabu katikati ya bwawa, ambako bata watamfanya kigoda na mawimbi yatamfanya afungue na kufunga hadi bomba ligonge. Mweke kwenye kisanduku cha zege au pipa la pembeni lenye mfuniko, lililounganishwa na bwawa kwa bomba la chini. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili, nalo boya litatulia.

Kama bomba la bwawa limechepushwa kutoka kwenye bomba la nyumbani, mdomo wa valvu ukae juu ya kimo cha juu kabisa cha maji, kwa nafasi isiyopungua mara mbili ya kipenyo cha bomba. Bila pengo hilo la hewa, presha ikishuka kijijini bomba litanyonya maji ya bwawa, pamoja na samadi na vinyesi vya bata, hadi kwenye ndoo ya kunywa. Hapa hakuna mzaha. Ni afya ya watoto.

Mwisho, weka njia ya kumwagia maji ya ziada, pana kuliko bomba la kuingizia, na uielekeze irudi mferejini. Valvu ya boya ikikwama, mara nyingi hubaki wazi. Ile njia ndiyo itakayookoa ukingo wako.

Hatua ya 7: Mkumbuke wa chini

Milima ya jirani ya Upare ina ndiva, mabwawa yanayokusanya maji ya usiku ili mashamba yamwagiliwe mchana kwa zamu. Zamu hizo zimedumu kwa sababu kila mtu anajua maji ni ya wangapi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasimamia jambo hilo hilo: anayechepusha maji ya mto kwa ajili ya mradi anahitaji kibali cha bodi ya bonde, na kwa Bungu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Bwawa lako lisisogee huko hata kama pana mteremko mtamu.

Bomba linalovujisha lita 1 tu kwa dakika humwaga lita 1,440 kwa siku. Kwa jirani mwenye kabichi na nyanya, hayo ni maji ya bustani nzima.

Basi uamuzi wa kamati ya usaili ni huu: valvu ya boya ya brasi, nusu inchi, tundu linalolingana na presha yako, chujio kabla yake, pengo la hewa mdomoni, na maji ya ziada yarudi mferejini. Ukishaifunga, shuka hadi kwa jirani wa chini umwulize kama maji yanamfika. Jibu lake likiwa ndiyo, valvu yako ni nzuri.