Tuma Ile Inayokuuma

Nenda dukani, zipitie postikadi zote zilizopangwa, chagua ile uliyoipenda kuliko wenzake, lipa, halafu itume kwa mtu usiyemjua. Usirudi kununua nyingine ya kubaki nayo. Usiipige picha kwa simu ili ujifariji. Itume hiyohiyo, na usiku wa siku hiyo utaiwaza. Maumivu hayo ndiyo kiingilio cha shughuli hii ya kukusanya na kubadilishana kadi za wanyama na majengo ya dunia. Nilipokuwa mchanga nilituma pundamilia aliyefifia, kadi iliyokaa kwenye kioo cha duka mpaka jua likaila, nikaletewa daraja lililofunikwa na ukungu, nguzo mbili tu zinaonekana. Nilipomtoa twiga niliyekuwa nimeapa kwamba haondoki nyumbani, akaja pengwini.

Kabla ya kadi, tafuta sanduku. Kwetu kwa kawaida tarishi hapigi hodi mlango kwa mlango, barua zinaishia S.L.P., na kama huna lako basi omba la kazini, la shule, la parokia au la msikiti. Mimi nilianza na sanduku la shule aliyokuwa akifundisha shangazi yangu. Kadi zilikuwa zikipita mikono ya walimu wote kabla hazijanifikia, na mwalimu wa jiografia alikuwa anakaa nazo siku mbili tatu. Usikasirike. Kadi haina bahasha, kila aliyeishika njiani ana ruhusa ya kuisoma, na mtu anayekuchukulia barua zako bure anastahili kumwona tembo kabla yako. Mletee na andazi.

Halafu tafuta wa kubadilishana naye. Njia iliyonyooka zaidi ni Postcrossing, mpango ulioanzishwa mwaka 2005 na kijana wa Kireno, Paulo Magalhães. Unaomba anwani, unapewa ya mtu mmoja popote duniani pamoja na namba ya kadi yako, inayoanza na herufi za nchi yako. Namba hiyo unaiandika kwenye kadi. Ikifika, mpokeaji anaiandikisha, na hapo jina lako linaingia kwenye zamu: mtu mwingine kabisa, wa nchi nyingine, anapewa anwani yako. Aliyepokea kwako hana deni nawe. Nilipenda mpango huu kwa sababu unamlazimisha mtu atoe kwanza. Ukisahau kuandika ile namba, umempa mpokeaji wako kitendawili, kwa hiyo iandike mara mbili, pembeni na chini, kwa tarakimu zinazosomeka.

Sasa wanyama. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo heshima yako inapopimwa. Huko nje wapo watu wazima, wauguzi, madereva wa treni, mabibi wenye wajukuu, wanaomjua twiga kuliko sisi tunaopishana naye barabarani. Ukiwatumia kadi, igeuze kwanza usome maelezo yaliyochapwa nyuma, kisha rudi mbele umtazame mnyama. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa Serengeti, twiga mzuri, anga la jioni. Nikamtazama tena. Madoa yake yalikuwa yamekatwa sawasawa, pembe kwa pembe, na mistari myeupe myembamba imepita katikati kama nyuzi za wavu. Huyo ni twiga wa kaskazini mwa Kenya. Twiga wa Serengeti ni yule wa Kimasai, madoa yake yamechanikachanika kingo kama majani ya mzabibu. Na ukimwona ambaye miguu yake kuanzia magotini kwenda chini ni myeupe, kama kavaa soksi, huyo mtafute Uganda, upande wa maporomoko ya Murchison. Ile kadi niliituma hata hivyo, lakini niliandika nyuma: mchapaji amekosea, huyu ni mgeni wetu kutoka kwa jirani. Mpokeaji wangu, fundi saa wa Finland, alijibu kwa furaha kubwa kuliko ningemtumia twiga asiye na kasoro.

Fanya vivyo hivyo kwa paka wakubwa. Duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni, kama mtu aliyelia na hakupangusa machozi, na madoa yake ni nukta. Chui ana madoa ya duara yaliyo wazi katikati. Ukikuta maduara ambayo ndani yake kuna nukta tena, umeshika jagwa, mkazi wa Amerika, na kadi hiyo haikuzaliwa Ruaha hata iandikwe nini.

Usiwe pia mtu wa simba kila siku. Simba ametumwa mno. Nyumba za watu wa ng'ambo zimejaa simba wetu, tena wengi wamelala. Tuma mbega, tuma kakakuona, tuma popo wa Pemba anayening'inia mchana kutwa kama mwavuli uliokunjwa. Mtu akiwa na mwenzake Bunia au Kisangani, amwombe okapi. Mnyama huyu anaishi porini katika nchi moja tu, Kongo, na hifadhi yake inayojulikana ni ile ya Epulu msituni Ituri. Wazungu wa sayansi walimwandika kwenye vitabu vyao mwaka 1901, wakati watu wa msitu walikwisha kumjua tangu enzi za mababu. Mtazame mapaja: mistari ya pundamilia. Mtazame uso na ulimi: ndugu wa twiga. Kadi moja ya okapi nimeona ikibadilishwa kwa kadi tano za Eiffel, na aliyetoa tano aliondoka akijiona mshindi.

Nimeutaja mnara wa Eiffel, basi niseme kabisa. Usiuombe. Mfaransa yeyote anao wa kukupa, na tangu ulipofunguliwa mwaka 1889 haijapita siku bila mtu kuutuma kwenye kadi. Mwombe Mfaransa jengo analopita mbele yake akienda kununua mkate. Utaletewa stesheni ndogo, kanisa lenye kengele iliyopinda, soko la samaki, na nyuma ya kadi utakuta habari, maana mtu akiandika juu ya mahali anapopita kila siku hakosi la kusema. Mwenye Eiffel huandika hali ya hewa.

Majengo yana somo jingine ambalo wanyama hawana. Majengo hufa mara moja, na kadi hubaki kuwa shahidi. Daraja la kale la Mostar huko Bosnia lilibomolewa kwa mizinga Novemba 1993, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2004. Ukiwa na kadi mbili, ya kabla na ya baada, zilaze sambamba utazame rangi ya mawe. Kwetu sisi nenda Unguja. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash. Picha za mwanzoni kabisa zinaonyesha jumba lenyewe bila mnara. Mnara ulisimama peke yake mbele, upande wa bahari. Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikapiga mji kwa muda usiofika saa moja, mnara ule ukaharibika, na baada ya hapo jumba likapewa mnara wa saa kifuani pake, ule tuliokua tukiuona. Desemba 2020 sehemu ya jumba ikaanguka na mnara ukaenda nao. Kwa hiyo ukishika kadi ya Beit al-Ajaib, usiitie albamu kabla hujauliza: mnara uko wapi? Mbele, juu, au haupo? Jibu hilo linakupa umri wa picha bila kusoma herufi hata moja.

Umri wa kadi yenyewe uko nyuma. Kadi ya kwanza rasmi duniani ilitolewa Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, bila picha yoyote, na kwa miaka mingi upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Ndiyo maana kwenye kadi za kale unakuta salamu zimebanwa kandokando ya picha, mtu kaandika juu ya anga, juu ya maji, hata juu ya mgongo wa ngamia. Uingereza waliruhusu nyuma igawanywe mara mbili, salamu kushoto na anwani kulia, mwaka 1902. Marekani walifuata 1907. Ukikuta mstari wa katikati, una mpaka wa kuanzia.

Unapoandika, kaa mezani. Kadi zinazong'aa hazinywi wino upesi, tumia peni ya kawaida na uipe dakika kumi ikauke, la sivyo kidole cha kwanza posta kitaifuta salamu yako yote. Jina la nchi liandike chini kabisa kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza au Kifaransa, maana huko kwingine hakuna anayejua Ufini wala Uholanzi ni wapi. Na nafasi ya salamu usiijaze "habari, mimi mzima, nawe je". Andika jambo moja uliloliona siku hiyo kwa macho yako. Andika kwamba mvua imenyesha tangu alfajiri na kunguru wamejibanza chini ya bati la muuza vocha. Ukiandika Kiswahili, weka tafsiri mistari miwili, ila Kiswahili kianze.

Kisha kaunta, na hapa nakusihi usiharakishe. Katika posta ninayokwenda yupo mama mmoja tunayejuana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo wangapi?"

"Watatu. Ndege wawili na nyumba."

Anafungua daftari la stempu, ananigeuzia nichague mwenyewe, kwa sababu anajua nikipewa moja kubwa yenye thamani yote nitaomba nne ndogo zenye samaki. Stempu kwa mpokeaji ni kadi ya pili. Zibandike juu kulia zisifunike anwani, halafu omba muhuri ugongwe kwa mkono mbele yako. Mama yule huugusisha muhuri kwenye kidau cha wino, anaujaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti, ndipo anagonga mara moja, wima, bila kuuzungusha, mpaka jina la mji na tarehe vinasomeka. Siku nyingine nilikwenda kaunta ya mji mwingine, kadi ikagongwa mihuri mitatu juu ya uso wa kasa. Niliituma na kuomba radhi kwa kasa.

Stempu hizo zitaheshimiwa na tarishi wa Finland ambaye hajalipwa senti nawe. Mapatano hayo yalifanyika Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba 1874, nchi 22 zilipotia saini zihesabike kama eneo moja la posta: wakati huo kila nchi ilibaki na pesa za stempu zake na kufikisha barua za wenzake. Kila ninapobandika wale samaki nawashukuru.

Kutunza nitasema kwa kifupi. Pwani adui ni unyevu. Kadi zisimamishe kwenye boksi la viatu, kila moja na mfuko wake wa plastiki safi, usizibanebane, usiguse selotepu wala gundi, na boksi lisikae sakafuni kwa ajili ya mchwa. Kila baada ya miezi michache zitoe, zipepee, zitazame.

Subira ndiyo isiyouzwa dukani. Pengwini wangu alitumwa kutoka Port Lockroy, Antaktika, kituo cha Waingereza kilichojengwa 1944 ambacho sasa kina posta inayofunguliwa majira ya kiangazi cha huko, pengwini wamekizunguka mpaka mlangoni. Kadi hupandishwa meli hadi visiwa vya Falkland, zikaenda Uingereza, ndipo zinatawanyika. Yangu ilikaa njiani miezi mitano, muda wa mimba ya mbuzi. Kuna posta yenye subira zaidi ya hiyo: pipa la mbao kisiwani Floreana, Galápagos, lililoanzishwa na mabaharia wa meli za nyangumi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mgeni anaacha kadi yake bila stempu, anapekua zilizomo, na akikuta ya mtu wa karibu na kwao anaichukua akampelekee kwa mkono.

Mwaka uliopita niliandikiwa na dada mmoja wa Maskati anayekusanya majumba ya kale. Alinipa orodha ya alizonazo na akaomba moja tu, Beit al-Ajaib yenye mnara. Mama yake alizaliwa Unguja. Nilikuwa nayo moja, ya mwisho, niliyoinunua Mji Mkongwe kabla jumba halijaanguka, na katika duka lile hazipo tena. Iliniuma wiki mbili. Nikaipeleka kwa mama wa kaunta, akaigonga polepole kuliko siku zote.

Kilichorudi kilikuwa choroa wa Arabuni, mweupe, pembe zake mbili zimeonekana moja kwa sababu amesimama ubavu. Mnyama huyu aliuawa porini hadi wa mwisho mwaka 1972, na Oman wakamrudisha jangwani miaka kumi baadaye kutoka kwa waliozaliwa mazizini. Nyuma, dada aliandika kwa Kiswahili cha Unguja safi kabisa. Chini ya maneno yake palikuwa na mstari mmoja wa mkono mwingine, unaotetemeka, kwa herufi za Kiarabu. Niliupeleka kwa mzee jirani yangu anayesomesha madrasa. Akavaa miwani, akaisogeza kadi dirishani, akanisomea:

"Mwanangu, kwenye ngazi zile za mbele nilianguka nikang'oka jino, nikalitupa juu ya paa."