Hesabu za Petite Barrière

Mwaka 2016 Rwanda ilianza kutumia mtaala wa umahiri, ili hisabati nayo iguse maisha. Mjini Gisenyi, maisha hayakuusubiri mtaala huo. Pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani na Goma ya Kongo, mama mwenye beseni la nyanya kichwani anauza kwa faranga za Kongo, anadaiwa kwa faranga za Rwanda, na dola anaigeuzageuza kwanza asije akabambikiwa iliyochanika. Faida anaijua kabla hajatua beseni. (Cheti hana, bila shaka.)

Mwanawe wa sekondari bado anatafuta x. Akiipata huipigia mistari miwili, kwa rula.

Jioni mteja akidai chenji, msomi huuliza kikokotoo kiko wapi. Mama amekwisha kuirudisha.