Skuta ya Mzee wa Kinanira: Mwongozo wa Usalama

Hongera, mzee. Mtoto wako aliyeko Canada amekutumia skuta ya umeme ya wenye shida ya kutembea, ile yenye kiti cha kuzunguka, usukani, kikapu mbele na honi isiyomshtua hata bata. Imeteremshwa bandarini Dar es Salaam, imevuka mpaka wa Kobero, imelipiwa ushuru, na sasa iko sebuleni imefunikwa kitambaa cha meza huku wageni wakiisifia. Hapo ndipo penye usalama kuliko kwingine kote katika mtaa wako wa Kinanira, Bujumbura. Ukiiacha hapo hapo, mwongozo huu umekwisha na unaweza kurudi kwenye chai yako.

Kama umeazimia kutoka, anza na chaja. Umeme wa majumbani Canada na Marekani ni volti 120; wa Regideso, shirika la umeme la hapa, ni 220. Geuza chaja, vaa miwani, soma maandishi madogo ya mgongoni. Yakisema 100 hadi 240, mshukuru Mungu. Yakisema 120 peke yake, usiichomeke ukutani hata shemeji aapeje kwamba itakubali. Itakubali mara moja tu. Betri huwa ni mbili za risasi, za volti 12 kila moja, na zinataka kuchajiwa mfululizo kwa saa 8 hadi 12 kila baada ya safari. Zikikaa tupu wiki kadhaa, zinakufa. Hilo neno "mfululizo" liliandikwa na mtu asiyewahi kulala Bujumbura, kwa hiyo umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, anza kuhesabu upya na uahirishe safari.

Faida moja haina ubishi: skuta haijui petroli. Mafuta yakiadimika, jirani mwenye Prado hulala kwenye foleni ya kituo cha mafuta, kiti amekilaza, viatu viko dirishani, na wewe unampita kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Mpungie mkono kwa adabu. Akikuomba umbebee bidoni, kataa. Kikapu kile kilitengenezwa kwa mkate na dawa za presha. Ukikijaza lita 20 usukani hautageuka.

Sasa barabara. Kitabu cha kiwandani kinakuagiza upite njia ya waenda kwa miguu. Itafute. Utakuta mtaro, na juu ya mtaro mifuniko ya zege, baadhi ikiwepo. Tazama ule uliovunjika kona: nondo imechomoza, chini maji meusi, na msamaria mmoja amesimika tawi la mti lenye majani ili watu waone. Tawi hilo ndilo alama ya barabarani unayopaswa kuiheshimu kuliko zote, maana aliyelisimika alishatumbukia. Tumbo la skuta nyingi ndogo haliko hata sentimita 10 juu ya ardhi, hivyo jiwe ambalo mbuzi analiruka bila kulitazama, wewe litakuning'iniza. Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za jumuiya, magari yanapungua, nawe unaweza kupita katikati ya barabara ya lami kama waziri. Ila kuna hatari ya kukabidhiwa jembe.

Kinanira inateremka kutoka upande wa Musaga kuelekea Kinindo na ziwani, kwa hiyo kila safari ni mlima, ama wa kwenda ama wa kurudi. Panda ukiwa umeelekea juu moja kwa moja, kifua mbele. Ukipanda kwa mshazari unajipindua mwenyewe, hasa kwa ile ya magurudumu matatu, ambayo hukata kona vizuri jikoni na vibaya kwingineko. Kushuka, weka mwendo wa chini kabisa. Ukiachia kitasa cha mwendo inasimama yenyewe, kwa kuwa breki yake iko kwenye mota. Hapo sikiliza vizuri: nyuma kuna kiwiko cha kuiachanisha mota ili skuta isukumwe kwa mkono. Watoto wa mtaa watakigundua kabla yako. Kikishavutwa, hakuna breki, na utafika Ziwa Tanganyika mapema kuliko ulivyopanga. Wala usiwaige vijana wa baiskeli za ndizi wanaong'ang'ania malori kupanda mlima wa Bugarama. Wao wana miaka 20.

Mjini kati ni habari nyingine. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku huko, na polisi akikuona ataanza kuhesabu magurudumu. Msubiri amalize. Kwenye ofisi yenye ngazi tatu na mlango mwembamba, mtajie karani kifungu cha 9 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014, kisha na sheria ya nchi kuhusu haki hizo hizo, ya Januari 2018. Atakubaliana nawe kabisa, akiwa juu ya ngazi.

Kuisafirisha kwa Probox ya teksi: toa ufunguo, toa kiti kwanza, kisha betri, ndipo vijana wawili wainue mwili. Rudisha kiwiko cha mota mahali pake, funga kila kipande kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na betri zikae wima sakafuni. Wewe kaa kwenye kiti cha gari. Kukaa juu ya skuta ndani ya gari linalotembea ni kujiweka tayari kutokea kwenye kioo cha mbele.

Mwenzako wa baiskeli ya kuendesha kwa mikono atakupita huku akicheka. Magurudumu yake ni makubwa, na chuma chake kikikatika fundi yeyote wa mtaa wa Buyenzi anakichomelea siku hiyo hiyo. Ndugu zake wa mpaka wa Goma na Gisenyi wanavushia mizigo kwa baiskeli za namna hiyo. Kibao cha elektroniki cha skuta yako kikiungua, fundi huyo huyo atakisifia sana, kisha atakurudishia.

Kwa hiyo mtoto akipiga simu kuuliza atume nini mwaka huu, mwambie chochote chenye magurudumu akiache. Atume pesa ya saruji na nondo: mifuniko mitatu ya mtaro mbele ya lango lako, na mmoja mbele ya duka.