Kamba Haruki Mkanda wa Saa

Ndugu msomaji, kama unaishi na mke anayejikuna usiku wa manane na mama mkwe mwenye dawa ya kila maradhi, sogea tukae pamoja.

Mke wangu, Mama Zai, ni mhasibu. Anaondoka alfajiri, anashinda kwenye kiyoyozi, na anarudi giza limeshaingia. Siku ya mapumziko tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni, akakaa ufukweni mikono wazi tangu saa tano mpaka alasiri, amefurahi kweli. Usiku ukaanza muwasho. Kesho yake vipele vidogovidogo vilikuwa vimejaa mikononi, shingoni na juu ya kifua, na kitanda chetu hakikuwa tena mahali pa kulala.

Kesi ikafunguliwa sebuleni. Mama mkwe, ambaye wajukuu wanamwita Bi Liwa kwa sababu hakuna kinachoota kwenye ngozi asichokipaka liwa, akawahukumu kamba tuliokula kule. Shemeji yangu, Redio Mbao, akasema ni upele wa kuambukiza, na kabla chai haijachemka jirani wa tatu alikuwa ameshaletewa habari. Mke wangu alinuna siku hiyo nzima, na mimi ninayemjua nilikaa mbali na jikoni.

Aliyetuokoa ni Zai, binti yangu, mwenye macho ya polisi. "Baba, mbona hapa chini ya saa hamna kitu?" Tukatazama. Palipokaa mkanda, ngozi ilikuwa safi kabisa. Kamba akikudhuru haruki mkanda wa saa! Nikawasha gari tukaenda hospitali.

Daktari aliangalia mikono, akauliza kuhusu dawa anazotumia, maana zipo, kama doksisaiklini, zinazoifanya ngozi isistahimili jua. Hakuwa anatumia yoyote. Akasema huu ni mzio wa jua. Vipele vyake huchelewa, hutokea saa kadhaa baadaye au hata kesho yake, ndiyo maana watu hulaumu chakula cha usiku. Mara nyingi hushika ngozi iliyokaa muda mrefu bila kupigwa na jua. Uso uliokwishazoea unaweza kusalimika. Harara ni kitu kingine: ile huletwa na joto na jasho, na hupenda hata palipofunikwa.

"Jua?" Bi Liwa aliuliza tuliporudi. "Mimi nimelima Muheza kwa jua hilohilo, mwanangu. Sisi weusi jua linatufanya nini?" Hapo sikunyamaza, ingawa mkwe ni mkwe. Weusi wa ngozi unakinga, lakini haukingi yote. Na wapo ndugu zetu wenye ualbino ambao jua huwaletea saratani ya ngozi. Ndio wanaotengenezewa losheni ya kukinga jua ya Kilisun kule hospitali ya KCMC, Moshi. Nyumba inayolidharau jua siitaki, hata kama nitalala na njaa kwa kusema hivyo.

Dawa zenyewe zilikuwa chache: krimu ya haidrokotisoni kwa siku chache, kidonge cha mzio usiku, na kitambaa cha maji baridi. Vita kubwa ilikuwa ndimu. Bi Liwa huamini ndimu inaua muwasho, na nilimkuta ameshaikata, anamfuata bintiye uani kwenye jua la utosi. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza, huweza kutoa malengelenge na kuacha mabaka meusi yanayodumu wiki au miezi. Nilimpokonya kwa adabu zote. Ikaishia kwenye kachumbari.

Sasa tunaishi kwa sheria mpya. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi, Mama Zai anavaa mikono mirefu. Kwenye gari amehama dirishani, kwa sababu mionzi mingine inapita kwenye kioo, na mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa umeumia zaidi. Losheni ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, inapakwa ya kutosha, kisha inarudiwa kila baada ya saa mbili na baada ya kuogelea. Shida ni kwamba hii losheni haikai. Redio Mbao huipaka miguuni akienda kanisani, akidai inalainisha, na anatoka mweupe kama aliyeanguka kwenye gunia la unga. Nimeificha nyuma ya mtungi wa gesi. Ameiona. Nikaihamishia kabatini kwa Bi Liwa nikidhani hapo hatathubutu, na jana nimemkuta Bi Liwa mwenyewe ameichanganya na liwa, anampaka Zai mgongoni, na Mama Zai amekaa kwenye foleni akisubiri zamu yake.